Giaboksi tatu zilizonibebea mayai, Busia hadi Kisumu

Kazi yangu ni mayai. Kila Jumanne na Ijumaa natoka Kisumu saa kumi alfajiri, napakia treyi za mayai ya Uganda pale Busia kukipambazuka, na ikifika saa nne wateja wangu wa Kibuye na Kondele wameshapokea mzigo. Nimeifanya safari hii miaka tisa kwa magari matatu, kila moja na giaboksi ya aina yake. Watu hunipigia simu kuniuliza wanunue gari gani. Mimi huwauliza kwanza watabeba nini, halafu tunazungumzia giaboksi, maana injini haijawahi kunilaza njiani. Giaboksi imenilaza.

La kwanza lilikuwa Probox ya gia tano za mkono. Treyi 120 nyuma, na kile kipande cha kupanda kutoka Busia kurudi Luanda nilikuwa nakimaliza kwa gia ya tatu bila wasiwasi. Kwa miaka minne giaboksi yenyewe haikufunguliwa hata siku moja. Nilichonunua ni klachi, mara mbili. Ya kwanza ilidumu miaka miwili na zaidi. Ya pili ilikwisha kwa miezi saba, na kosa lilikuwa la mwana wa dada yangu aliyekuwa akinisaidia kuendesha. Alikuwa na tabia ya kupumzisha mguu juu ya klachi barabara nzima. Ukiikalia klachi hivyo, disiki haibanwi sawasawa, inateleza kidogo kidogo hadi inaungua. Nililipa Sh14,500 kwa disiki, presha pleti na beringi, fundi akashusha giaboksi asubuhi na jioni nikaondoka na gari. Hilo ndilo ninalolipenda kwa gia za mkono: ukiharibikiwa Bumala, Bumala kuna mtu wa kutengeneza. Kasoro yake ni foleni ya Kondele, ambako mguu wa kushoto haupumziki. Na dereva asiyejua kuachilia klachi polepole atakupasulia mayai hata kwenye lami nyororo.

Kwa sababu ya mguu huo, na kwa sababu ya bei ya petroli, nikaliuza nikanunua gari dogo la CVT. Jina lake silitaji, kwa sababu kilichonipata hakikuwa kosa la waliolitengeneza.

Miezi ya mwanzo nililipenda kweli. CVT haina gia za kubadilisha. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Puli moja ikipanuka nyingine inajibana, na mwendo unapanda bila mshtuko wowote. Si kitu kipya, DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la namna hiyo mwaka 1958, wakati huo mikanda ikiwa ya mpira. Mayai yalikuwa yanafika kama yaliyolala kitandani.

Halafu nikalipeleka gereji moja mjini kubadilisha oili ya giaboksi. Nilisimama pale pale, nikaona wakimimina ATF nyekundu, ile ile wanayoweka kwenye otomatiki za kawaida. Sikujua, na aliyekuwa anamimina hakuniuliza. Sasa najua. Mkanda wa CVT haushiki puli kwa meno, unabanwa tu, chuma kwa chuma, na oili iko katikati. Oili ya CVT imetengenezwa ili chuma kishikane kikiwa kimelowa. Ile nyekundu imetengenezewa disiki za otomatiki, ni kazi nyingine kabisa.

Wiki tatu baadaye, narudi na mzigo, nimebakisha kidogo kufika Maseno. Nikakanyaga mafuta kwenye mwinuko, mshale wa injini ukaruka hadi 4,000, lakini gari likazidi kupungua mwendo: 60, 50, 35. Injini inalia, magurudumu hayasikii. Nikaegesha pembeni. Msamaria mwenye pikapu akanivuta kwa kamba, magurudumu yote chini, hadi kwa fundi wangu Kisumu, na hilo pia lilikuwa kosa, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu haipeleki oili ndani huku vyuma vinazunguka.

Fundi alifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, akanionyesha sumaku ndogo zilizo chini yake. Zilikuwa zimeota manyoya ya chuma, marefu, ya kijivu. Akayafuta kwa kidole, akakisugua kwenye kiganja changu, kikabaki king'aavu kama kimepakwa rangi ya fedha. "Mama, huu ndio mkanda wako," akaniambia. Giaboksi nyingine iliyotoka Japani ilinigharimu Sh85,000 pamoja na kufunga. Nililiendesha miezi miwili nikaliuza, roho haikutulia tena.

Sisemi CVT ni mbaya. Mwalimu jirani yangu ana ya aina ile ile, anaenda nayo Maseno peke yake na mkoba, anaweka oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na haijamsumbua. Lakini hata watengenezaji walijua kuna shida: Nissan, kule Marekani, iliongeza dhamana ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu kisicholalamikiwa. Na wewe unayetafuta Probox, angalia mwaka, kwa sababu kuanzia 2014 Toyota iliondoa otomatiki ya gia nne ikaweka CVT.

Sasa naendesha Fielder ya zamani, otomatiki ya gia nne. Unahisi kila gia inapoingia, na inakunywa mafuta kuliko ile CVT. Lakini ATF yake inauzwa kila duka la spea, na ina kijiti cha kupimia: nakichomoa, nafuta, narudisha, naona rangi, nanusa. Ikiwa nyekundu na haina harufu ya kuungua, naondoka. Nikianza kupanda nabonyeza kitufe cha O/D ili isiingie gia ya nne, isije ikawa inaingia na kutoka na kujipasha moto bure. Oili nabadilisha kila kilomita 40,000. Huu ni mwaka wa nne na haijafunguliwa.

Nilipoenda kuinunua, nilimwomba mwenyewe asiiwashe kabla sijafika. Nikaiwasha ikiwa baridi, mguu kwenye breki, nikaitoa N kwenda D, kisha R. Kila mara gari lilijibu papo hapo bila kurusha nyonga. Nikamwambia tupande nayo kilima cha Riat tukiwa watu watano. Tuliporudi chini nilinusa kijiti tena, halafu nikalipa.