Uzoefu wangu: mafunzo kwa vitendo kwenye shirika la elimu ya viumbe wa pwani

Kama unaomba nafasi hii kwa sababu unataka kushika watoto wa kasa, usiombe. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo linalowavunja moyo wengi mapema. Shirika nililofanyia mafunzo ni la hisani, na kazi yake ni kufundisha. Wanyama wapo na ufuo upo, lakini muda wako mwingi utautumia na watu: watoto wa shule ya msingi, wavuvi, wazazi waliokuja kupunga upepo siku ya mapumziko. Ukipenda kuzungumza na watu, utapata humu kitu ambacho ukumbi wa mihadhara hauwezi kukupa. Mimi nimetoka nimeridhika sana, na ningempeleka mdogo wangu bila kusita. Yapo pia mambo ambayo shirika linapaswa kuyatengeneza, nami nitayasema kama yalivyo.

Karatasi ya kwanza tuliyokabidhiwa ni jedwali la maji kujaa na kupwa, maana ratiba nzima pale inafuata jedwali hilo. Ziara za shule hupangwa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu ndipo maji yanapopwa mbali na miamba ya chini ikajitokeza. Siku za maji mafu, maji yasipopwa mbali, kazi huhamia darasani. Halafu kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo shule iliyokuja leo na ile itakayokuja keshokutwa haziwezi kupangiwa saa ileile. Walimu wakuu wanataka saa isiyobadilika, na moja ya kazi zangu ilikuwa kuwapigia simu na kuwaeleza kwa nini haiwezekani. Simu hizo zilinifundisha kuelezea mvuto wa mwezi na jua kwa sentensi mbili, kwa mtu mwenye haraka, bila kumfanya ajione hajui kitu. Huo ni ujuzi wa kweli, na sikuwahi kuupata kwenye mtihani wowote.

Mambo ya usalama wanayachukulia kwa uzito, nami nawapongeza. Mtu mzima haachwi peke yake na mtoto. Picha za watoto hazipigwi bila ridhaa ya wazazi. Watoto huhesabiwa kabla ya kushuka mwambani na tena kabla ya kupanda, na maji yakigeuka tu kundi linaondoka, hata kama somo limefika patamu.

Sasa mwambani kwenyewe, ambako ndiko nilikojifunza zaidi. Msimamizi wetu wa kila siku aliwahi kufundisha biolojia sekondari, na ana namna yake ya kuendesha somo ambayo nitabaki nayo. Mtoto akikimbilia dimbwi na kuuliza, "Huyu anaitwaje?", hatakiwi kupewa jina kwanza. Unamuuliza: Ana miguu mingapi? Unadhani mdomo wake uko wapi? Kwa nini amejificha upande wa kivuli? Jina linakuja mwishoni, mtoto akiwa ameshamtazama mnyama vya kutosha. Ukimpa jina mapema anaondoka akiwa na neno tu. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sina shaka nalo: makundi yaliyopewa orodha ya majina yalichoka haraka, na yale yaliyoulizwa maswali yalikuwa hayataki kupanda basi.

Jiwe likigeuzwa, linarudishwa kwa upande uleule na mahali palepale. Viumbe wa chini yake hawavumilii jua wala ukavu, na mwani ulioota juu yake hufa ukifunikwa. Mikono inaloweshwa kwa maji ya bahari kabla ya kugusa chochote, na vingi haviguswi kabisa. Makombe hayabebwi kwenda nyumbani, hata yaliyo matupu, kwa sababu kuna kaa ambaye mwili wake wa nyuma ni laini na hutegemea kombe la konokono aliyekufa kuwa nyumba yake. Akikua anatafuta kubwa zaidi. Watoto wakielezwa hivyo wanayarudisha wenyewe. Sijawahi kulazimika kumnyang'anya mtoto kombe.

Kwa wanafunzi wa sekondari tulitumia habari ya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kwanza wanamtazama akitembea kwa vijiguu vingi vidogo vinavyoendeshwa na maji ndani ya mwili wake, na wanaelezwa jinsi baadhi ya aina zake zinavyotoa tumbo nje kumla kome ndani ya gamba lake. Kisha linakuja swali: tukiwaondoa viti vya pweza wote kwenye mwamba huu, nini kitatokea? Wengi hujibu kwamba viumbe wengine watapona na kuongezeka. Hapo ndipo unawasimulia jaribio la mwanaikolojia Robert Paine, aliyefanya hivyo hasa miaka ya 1960 katika pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Aliwaondoa viti vya pweza kwenye kipande kimoja cha mwamba na kuacha kipande kingine kama kilivyo. Kome wakatapakaa na kuwabana wengine, na spishi zilizokuwa 15 zikashuka hadi 8. Makala yake ya mwaka 1966 inasomwa vyuoni mpaka leo. Mimi niliisoma kwenye kitabu kwa ajili ya mtihani. Kuisimulia nikiwa nimesimama kwenye mwamba, mbele ya vijana wanaoweza kuinama na kumwona mnyama mwenyewe, kulinifanya niielewe upya, maana waliuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kujiuliza. Mmoja alitaka kujua kama binadamu anaweza kuwa mnyama wa aina hiyo, ambaye akiondolewa maisha ya wengine yanabadilika. Tukakaa na swali hilo mpaka maji yakatufukuza.

Baada ya kila kipindi msimamizi alikuwa anakaa nasi na kutuambia waziwazi: hapa umeongea sana, hapa ulimjibu mtoto kabla hajamaliza, hapa mfano wako ulikuwa mzuri. Ningeondoa vitu vingine vyote kwenye mafunzo haya kabla ya kuondoa mazungumzo hayo.

Kuhusu kasa, kwa sababu najua wengi wanasoma kwa ajili yao. Msimu wa kutaga ukifika mnapata nafasi ya kwenda doria za usiku, lakini mnakwenda kama watazamaji na wasaidizi. Tochi ni za mwanga mwekundu hafifu. Mnakaa nyuma ya mama, mbali, na hakuna anayesogea mpaka aanze kutaga, kwa sababu akishtuka mapema anarudi baharini na mayai yake. Kiota kilicho hatarini kufikiwa na maji huhamishwa na mfanyakazi mwenye kibali tu, tena ndani ya saa chache baada ya kutagwa. Baada ya hapo kiinitete hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa kinakufa. Kazi ya wanafunzi wa fildi ni kuandika: saa, mahali, urefu wa gamba, na baadaye jotoridi la mchanga. Joto hilo ndilo linaloamua jinsia. Karibu na nyuzi 29 za Selsiasi hutoka madume na majike, mchanga ukizidi joto majike wanakuwa wengi. Kwa hiyo ile safu ya tarakimu kwenye daftari, inayochosha kuijaza usiku wa manane, inaeleza habari kubwa kuhusu miaka ijayo ya viumbe hawa.

Watoto wa kasa wakianguliwa wanaachwa watambae wenyewe. Wanaelekea kwenye mwangaza wa upeo wa bahari, na ndiyo maana taa za majengo ya ufukweni huwapoteza. Wana akiba ya kiini cha yai ya kuwafikisha mbali na ufuo kwa kuogelea bila kupumzika. Kuwaweka ndooni ili wageni wawapige picha kunamaliza akiba hiyo. Nasisitiza kwa mtu yeyote anayetafuta nafasi: shirika likikuonyesha picha za wageni wamebeba watoto wa kasa mikononi, tafuta jingine.

Kuna kazi moja ya ofisini niliyoipenda bila kutarajia. Oktoba 2025 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili unaotathmini hatari ya spishi kutoweka, ilimwondoa kasa wa kijani kwenye kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka na kumweka kwenye kundi lenye wasiwasi mdogo zaidi. Mabango yetu yote yalikuwa yanasema vingine. Tukakaa kujadili namna ya kuyaandika upya. Ulinzi wa fuo za kutagia na kupunguza uvunaji kumezaa matunda, na watoto wana haki ya kusikia habari njema; wakati huohuo hali haiko sawa kila mahali, na ng'amba, aina nyingine ya kasa, bado yuko kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wapo wafanyakazi waliotaka kuficha habari hiyo wakihofia wafadhili watapungua. Msimamizi alikataa. Bango jipya linasema ukweli wote, na nimeona watu wakisimama mbele yake muda mrefu kuliko walivyokuwa wakisimama mbele ya lile la zamani lenye maandishi mekundu ya kutisha.

Usafishaji wa ufuo nao unafanywa kwa akili. Kila taka inaandikwa kwenye fomu kwa aina yake: vizibo, vipande vya nyavu, vichungi vya sigara, chupa. Utaratibu huu wa kuhesabu unatokana na usafishaji ulioanza Texas mwaka 1986, ambao sasa unafanyika katika nchi nyingi duniani. Nyavu zikizidi unajua uzungumze na nani. Vizibo vikizidi mazungumzo ni mengine. Kukusanya bila kuandika kunasafisha ufuo hadi maji yatakapojaa tena.

Sasa upungufu. Hakuna posho. Nauli na malazi ni juu yako, na hilo linawafungia mlango wanafunzi wenye uwezo mkubwa lakini wasio na mtu wa kuwasaidia. Shirika linalosema elimu ya bahari ni ya wote linapaswa kutafuta walau nauli. Daftari la kumbukumbu husainiwa kwa kuchelewa, na kama chuo chako kina tarehe kali itabidi uwe unakumbusha kila wiki. Utafiti wako binafsi pia utausimamia mwenyewe: takwimu wanazo nyingi na nzuri, ila hakuna mtu wa kukuongoza namna ya kuzichambua. Nje ya msimu wa kasa, na siku za maji mafu zikikutana na likizo za shule, kuna vipindi vya kukaa tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hawapimi kama ufundishaji wao unabadilisha kitu. Mwisho wa ziara watoto hupewa karatasi ya kuchagua uso unaocheka au ulionuna, na karibu wote huchagua unaocheka, kwa sababu wametoka kucheza kwenye maji. Hiyo haikuambii kama mtoto ameelewa lolote. Nilipendekeza wachore ufuo kabla ya kushuka mwambani na wauchore tena baada ya kurudi, kisha michoro ilinganishwe. Tulijaribu na makundi machache. Michoro ya kwanza ilikuwa na mchanga, mawimbi na samaki mmoja. Ya pili ilijaa viumbe chini ya mawe, mistari ya nani anamla nani, hata mishale ya maji kupwa. Shirika lilipenda, lakini nilipoondoka sikuona dalili kwamba litakuwa jambo la kudumu. Atakayekwenda baada yangu, tafadhali liendeleze.

Nafasi hii inawafaa wanaosoma ualimu, biolojia, mazingira na utalii. Anayetaka maabara au kupiga mbizi atafute kwingine. Kabla ya kusaini, uliza nani atakusimamia siku hadi siku, kama shirika lina vibali vya kugusa wanyama wanaolindwa, kama una bima ukiwa mwambani, na utaruhusiwa lini kuendesha somo peke yako. Omba miezi kadhaa kabla ya msimu wa kutaga, maana nafasi hujaa haraka. Kwenye usaili utapewa kitu kimoja kilichookotwa ufukweni na kuambiwa umfundishe nacho mtoto wa miaka minane kwa dakika tano. Jizoeze kuuliza.