Vifaa vya Snokeli kwa Ajili ya Likizo: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayekwenda likizo pwani kwa nia ya kuelea juu ya maji na kutazama samaki na matumbawe yaliyo chini yake anahitaji barakoa ya mbizi, snokeli, yaani mrija wa kupumulia, na mapezi ya miguuni. Vyote hukodishwa mahali pengi, lakini barakoa ya kukodi imepita kwenye nyuso nyingi, na mara nyingi haikai sawasawa kwenye uso wa yeyote. Ikiwa fedha inatosha kununua kifaa kimoja tu, kiwe barakoa.

Katika barakoa, nafasi ya kwanza naipa ile ya kawaida inayofunika macho na pua, yenye ujazo mdogo wa hewa. Kwa kuwa kioo chake kiko karibu na macho, humpa mtazamaji upeo mpana, na maji yakiingia huhitaji pumzi kidogo tu ya pua kuyatoa. Pua kuwa ndani ya barakoa si jambo dogo: anayeshuka hata mita mbili huongezewa shinikizo la maji, hivyo hana budi kubana pua na kupuliza taratibu ili masikio yazibuke, na kutoa hewa kidogo puani ili barakoa isimfyonze macho. Miwani ya kuogelea ya bwawani haifuniki pua, kwa hiyo haiwezi kushika nafasi ya barakoa hata ikiwa nzuri namna gani. Kioo kiwe kile kilichoimarishwa kwa joto, na ukingo unaogusa ngozi uwe wa silikoni laini. Plastiki ngumu hukauka, hupinda na kuvujisha.

Sura ya barakoa haina maana yoyote ikiwa haikukai, na kuipima ni rahisi. Sogeza nywele, iweke usoni bila kupitisha mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Barakoa inayokufaa itanata bila kushikwa. Rudia jaribio hilo ukiwa umeuma kinywa cha snokeli, kwa sababu mashavu hubadilika umbo mdomo unapofunguka, na hapo ndipo barakoa nyingi zilizoonekana nzuri hushindwa. Mwenye masharubu ajue kwamba maji hupenya kupitia nywele hizo, basi achague yenye ukingo mpana chini ya pua. Kukaza mkanda si dawa ya kuvuja, kwani mkanda uliokazwa mno hukunja silikoni na kuongeza uvujaji.

Kwa mvaaji wa miwani ya macho mpangilio hubadilika: kwake barakoa ya vioo viwili vinavyoweza kubadilishwa na kuwekwa lenzi za kipimo chake ndiyo ya kwanza, maana mikono ya miwani haiwezi kuvaliwa chini ya ukingo bila kupitisha maji. Mwenye upungufu mdogo wa kuona mbali anaweza kuahirisha gharama hiyo, kwa kuwa vitu vikitazamwa majini kupitia kioo bapa huonekana vikubwa kwa takriban theluthi moja.

Barakoa inayofunika uso mzima, iliyoenea sana baada ya Decathlon, kampuni ya Kifaransa ya vifaa vya michezo, kuitoa ile iitwayo Easybreath mwaka 2014, naiweka mwisho. Naelewa kwa nini inapendwa: mtu hupumua kwa pua na mdomo kama kawaida, wala haumi chochote. Hata hivyo, nyingi hazimruhusu mvaaji kubana pua, kwa hiyo hazifai kushukia chini; muundo ukiwa duni, hewa iliyokwisha kupumuliwa hurudi kuvutwa tena; na wakati wa taharuki haivuliki upesi, ilhali kinywa cha snokeli hutemwa mara moja. Asiyeweza kabisa kuuma snokeli anunue ya mtengenezaji anayejulikana, iliyopimwa kwa uso wake, na aitumie kwenye maji matulivu tu. Naomba sana bidhaa za kuiga zisinunuliwe.

Snokeli bora kwa wasafiri wengi ni yenye kikinga mawimbi juu na vali ya kutolea maji chini. Ile inayojifunga kwa boya inapozama humtuliza anayeanza, ingawa mchanga au chumvi vinaweza kuikwamisha vali yake. Mrija mtupu usio na vali humfaa azoeaye kupiga mbizi. Usivutiwe na mrija mrefu: ukizidi sana sentimita 40, hewa chafu hubaki ndani yake, na kifua hulemewa na shinikizo la maji.

Kwa mapezi, mafupi yanayofunika mguu mzima ndiyo ya safari, kwa kuwa huingia kwenye begi la kawaida. Yenye mkanda wa kisigino, yanayovaliwa pamoja na viatu vya neopreni (mpira laini), yanafuata, nayo hushinda pale pa kuingilia penye mawe. Kisigino kisichezecheze wala vidole visibanwe, la sivyo malengelenge yatakuharibia likizo.

Asiyeogelea vizuri anunue kizibao cha kuelea kinachojazwa pumzi kabla ya kufikiria mapezi. Fulana ya mikono mirefu ya kukinga jua nayo ina thamani kubwa, kwani mgongo huungua bila mtu kuhisi, na fulana hiyo hupunguza hitaji la krimu ya kukinga jua. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, tangu 2020, na Hawaii tangu 2021, zimekataza uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe.

Kioo kipya huwa na utando wa kiwandani unaokifanya kifuke mvuke. Kisugue ndani mara kadhaa kwa dawa ya meno isiyo ya jeli, ukisuuze, kisha ukijaribu bwawani wakati bado unaweza kuirudisha barakoa dukani.