DVD Imegoma Kusoma: Fundi wa Kondele au Mashine Mpya?

Runinga za siku hizi zinacheza filamu moja kwa moja kutoka kwa flashi, lakini Kisumu mashine ya DVD bado ina kazi yake. Harusi, kwaya za kanisa na, zaidi ya yote, video za mazishi zilirekodiwa kwenye diski, na familia nyingi hazina nakala nyingine. Ndiyo maana mashine ikigoma watu hawaitupi haraka. Hapa tunapima njia mbili: mafundi wa elektroniki wa Kondele na Kibuye, na mashine mpya za bei nafuu kwenye maduka ya Oginga Odinga Street. Kwa hitilafu za stima na trei, mpe fundi bila wasiwasi. Kwa leza, yaani jicho linalosoma diski, mpe ukiwa macho. Kwa bodi kuu, ambayo ni ubongo wa mashine, usimpe pesa yako.

Kabla ya kubeba mashine, hakikisha ni mbovu kweli. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, huenda waya wa manjano umechomekwa kwenye tundu la kijani, au mashine imewekwa mfumo wa rangi wa NTSC na runinga inataka ule wa PAL. Sauti ikiwepo na picha haipo, huenda kuna mtu amebonyeza P-SCAN, inayobadilisha namna picha inavyotoka, kwenye rimoti. Toa diski, bonyeza tena, subiri kidogo. Diski za filamu za dukani hufungiwa eneo la dunia: iliyotumwa na ndugu aliye Uingereza ni ya eneo namba 2, ya Marekani ni namba 1, na Kenya tuko namba 5, kwa hivyo mashine iliyofungwa eneo itaikataa ilhali iko sawa kabisa. Jaribu pia diski nyingine mbili tatu. Diski ya kuchomwa, yaani iliyorekodiwa kwa kompyuta, iliyokaa juani dirishani hufifia, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Sasa stima. Mashine iliyokufa kabisa, hata taa nyekundu haiwaki, ndiyo inayowatisha watu zaidi, na mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote kutengeneza. Stima ya nyumbani ni volti 240. Ikishapita kwenye dayodi nne, zinazoipitisha stima upande mmoja tu, kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya upande huo hushika takriban volti 340 za DC na huweza kubaki nazo plagi ikiwa imeshatolewa. Fundi anayejali huimaliza chaji kwanza kupitia balbu ya nyuzi yenye waya mbili. Ukimwona anaigusisha na bisibisi icheche, fikiria upya kama unamwachia mashine.

Fyuzi ikiwa imekatika tu bila kubadilika rangi, inaweza kuwa imechoka, na nyingine ya kiwango kilekile itatosha. Ikiwa kioo chake ni cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, kuna shoti mbele yake: dayodi mojawapo, ambazo mara nyingi ni 1N4007, au IC (chipu) ya pawa kama VIPer22A. Kubadilisha fyuzi peke yake hapo ni kuilipua nyingine. Kuifunga kwa karatasi ya sigara au waya wa simu ni kualika moto nyumbani, na bado kuna watu wanaofanya hivyo.

Ikiwa taa inawaka na kuzima, au nembo ya kampuni inatokea kisha mashine inaganda, fyuzi haina kosa. Angalia kapasita za upande wa volti ndogo, hasa ile ya laini ya volti 5, ambayo kwa kawaida ni mikrofaradi 1000 ya volti 10. Kichwa chake hutakiwa kuwa bapa. Kikiwa kimevimba, au kuna ute wa kahawia chini yake, imekufa. Huwa imewekwa karibu na kipande cha alumini chenye joto, na joto hilo ndilo linaloikausha. Weka mikrofaradi zilezile, volti ziwe sawa au zaidi (16 ni bora kuliko 10), na iandikwe 105°C, isiwe 85°C. Ule mstari ubavuni ni upande hasi. Ukigeuzwa, kapasita inaweza kupasuka. Baada ya hapo mwambie fundi apime volti 5 diski ikiwa inazunguka. Ikishuka chini ya 4.7, kazi haijaisha. Kapasita ni spea ya makumi ya shilingi, kwa hivyo hapa unacholipia hasa ni ujuzi, na Kondele ujuzi huu upo kwa wingi.

Trei isiyofunguka ni kazi ya mkanda wa raba ulio chini yake, ambao hulegea na kuteleza. Mkanda mpya, na puli zipanguswe kwa spiriti, basi. Ukiukataa ule wa raba ya kufungia noti utakuwa umefanya vizuri, kwa sababu huoza haraka na kuacha unata kwenye puli.

Leza ndiyo penye ugomvi mwingi kati ya wateja na mafundi. Mashine inaandika NO DISC, fundi anasema leza imeisha, mteja analipa, na wiki chache baadaye neno lilelile limerudi kwenye skrini. Ukweli ni kwamba NO DISC ina angalau vyanzo vinne: lenzi chafu, leza dhaifu, mota iliyochoka na grisi iliyokauka kwenye reli ambayo leza hutelezea. Anayejua kazi huanza na kile cha bure. Vumbi la barabarani na mende, wanaopenda sana joto la pawa saplai, huingia kupitia matundu ya hewa. Lenzi isafishwe kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili, kwa mkono mwepesi, kutoka katikati kwenda nje. Ni ya plastiki na imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba sana, ukiikandamiza zinapinda na haitalenga tena. Spiriti ya zambarau ya dukani huacha ukungu, iache. Reli ifutwe grisi ya zamani, ipate tone moja la mafuta ya cherehani.

Baada ya usafi, jaribu CD ya muziki halafu DVD. Kichwa cha leza kina dayodi mbili: ya nanomita 780 kwa CD na VCD, na ya nanomita 650, nyekundu, kwa DVD. Mashine inayosoma CD bila shida na kukataa kila DVD, lenzi ikiwa safi, kwa kawaida imepoteza ile ya 650. Washa bila diski na kifuniko kikiwa wazi, kisha tazama kwa ubavu, kamwe usichungulie kutoka juu: lenzi inapaswa kupanda na kushuka mara chache ikiwa na mwanga hafifu mwekundu. Mwanga usipoonekana kabisa, dayodi imekufa au haipati stima. Lenzi ikiwa haisogei, kosa linaweza kuwa kwenye ule utepe wa nyaya bapa, na huo ni bei rahisi kuliko leza.

Fundi akikwambia ataiongeza leza nguvu kwa kuzungusha skrubu ndogo ubavuni mwake, kataa. Itasoma leo, lakini unaichoma dayodi haraka zaidi. Leza mpya inunuliwe kwa namba iliyoandikwa kwenye ya zamani, kwa mfano SF-HD62 au KHM-313. Zinafanana kwa macho ila hazibadilishani. Nyingi huja na tone dogo la lehemu lililounganisha njia mbili ili umeme tuli usiiue njiani. Tone hilo huondolewa baada ya utepe kuchomekwa. Likisahaulika, leza haitasoma kitu, na mteja ataambiwa kwamba "hata hii mpya ni mbovu". Muulize fundi wazi: "Umetoa ile lehemu ya leza?" Na umwambie, "Fundi, ile ya zamani niwekee kwenye karatasi, nitaichukua." Ombi hilo dogo hupunguza sana uwezekano wa kuuziwa leza iliyong'olewa kwenye mashine nyingine.

Mota inayozungusha diski nayo huchoka. Diski inaanza, inasita, inaanza tena. Shida ya kuibadilisha ni kile kisahani cha juu: kisiporudishwa kwa urefu uleule, diski hukaa juu au chini ya pale leza inapolenga. Tunapendelea kununua dekki nzima yenye leza, mota na reli vikiwa vimeshapangwa kiwandani. Ni ghali kidogo kuliko leza peke yake lakini haina ubahatishaji.

Bodi kuu iliyopigwa na radi, jambo la kawaida huku magharibi msimu wa mvua, iache. Chipu kama MT1389 ina miguu mingi myembamba, na gharama ya kuibadilisha haina maana kwa mashine ya bei hii. Bodi zisizo za modeli yako zinazouzwa kama mbadala huwasha, lakini rimoti na maandishi ya mbele mara nyingi hayafuati. Radi huingia hata kwa waya wa HDMI ikitokea kwenye antena ya runinga, kwa hivyo kuchomoa plagi ya DVD peke yake hakutoshi.

Upande wa pesa, pita dukani kwanza ujue bei ya mpya. Jumlisha spea, kazi na nauli. Ikizidi nusu ya bei hiyo, nunua. Kapasita, fyuzi na mkanda hazifiki hapo. Leza hukaribia, na dekki nzima huzidi kwa mashine nyepesi za kisasa. Tunaitetea tu kwa zile nzito za zamani, zenye mota tulivu, maana mpya za bei ya chini hazitengenezwi hivyo tena.

Ukiamua kununua, nenda na diski yako mbovu kuliko zote, si ile ya majaribio ya muuzaji. Ruka hadi mwisho wake: DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingoni ndipo mashine dhaifu hukwama. Hakikisha ina tundu linalolingana na runinga yako, kwani runinga nyingi mpya zina kitundu kimoja cha AV (sauti na picha) kinachohitaji adapta. Risiti iwe na muhuri na muda wa waranti. Za mitumba za Kibuye usilipe kabla haijacheza nusu saa mbele yako, kwa sababu hitilafu nyingine hujificha mpaka mashine ipate joto.

Mashine ya zamani iliyokufa bodi usiipeleke jalalani. Pawa saplai yake ya volti 5 na 12 bado inatafutwa, leza nzima pia. Mpe fundi, na umwombe akupunguzie bei ya kazi inayofuata.