Uzoefu wangu: kusakinisha Linux Mint kwenye kompyuta yenye diski mbili

Nina duka dogo la uchapaji na kutoa kopi Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Kompyuta ninayoitegemea ni Dell OptiPlex 7020 ya mtumba yenye diski mbili: SSD (diski ya kisasa yenye kasi zaidi) ya GB 240 inayobeba mfumo, na diski ya zamani ya TB 1 iliyohifadhi kazi za wateja wangu za miaka sita. Ilikuwa ikitumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha nne, haimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Nilihamia Linux Mint 22, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na sasa nimeitumia kila siku kwa miezi mitatu.

Windows ile ilipigwa na fundi mmoja wa mjini siku niliyonunua SSD. Alifunga diski mpya, akaiacha ya zamani palepale na nyaya zake, na mashine ikawaka kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, nikalipa kwa furaha. Miezi kadhaa baadaye nilichomoa diski ya zamani ili ninakili kazi za mteja kwenye kompyuta nyingine, na nilipowasha yangu nikakutana na skrini nyeusi yenye mstari mmoja unaosema hakuna diski ya kuwashia. Nilipompigia simu, fundi hakusita: “Mama, hiyo SSD imekufa, lete nikuwekee nyingine.” Haikuwa imekufa, kwani nilipoirudisha diski ya zamani Windows iliwaka kama kawaida. Kumbe kisakinishi cha Windows kilikuta kwenye diski ya zamani kile kipande kidogo ambacho kompyuta hukisoma kwanza kabla ya kuufikia mfumo wenyewe, kikaweka mafaili ya kuwashia humo humo badala ya kutengeneza kipande kingine kwenye SSD. Nyumba ilikuwa yangu, ufunguo uko kwa jirani.

Kwa hiyo safari hii nilifanya kazi mwenyewe, Jumapili asubuhi duka likiwa limefungwa. Nilikuwa nimeshapakua faili la Mint la toleo la Cinnamon (mojawapo ya sura zake za skrini), linalokaribia GB 3, na kuliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Kisha nikazima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikafungua kifuniko, nikapangusa vumbi (lilikuwa jingi, nakiri), na kuchomoa nyaya zote mbili za diski ya TB 1, wa data na wa umeme. Nilipowasha na kubonyeza F12 ili kuchagua flashi, kisakinishi kiliona diski moja tu ya GB 240, nami nikachagua kufuta diski yote bila mkono kutetemeka. Asiyeweza kuchomoa diski, kwa mfano mwenye laptopu iliyofungwa vizuri, achague njia ya kugawa mwenyewe na aitambue diski kwa ukubwa wake, asitegemee majina ya sda na sdb ambayo Linux huzipa diski, kwa sababu majina hayo yanaweza kubadilishana kompyuta inapowashwa upya. Ajue pia kwamba diski ileile ya TB 1 huandikwa GB 931 kwenye Windows, kwa kuwa Windows huhesabu kwa 1,024.

Usakinishaji haukufika nusu saa. Niliiwasha Mint mara mbili ikiwa na SSD peke yake, nikaridhika, ndipo nikairudisha diski ya kazi. Hapo nikakwama: mafaili yalifunguka, lakini sikuweza kuhifadhi lolote. Kosa lilikuwa langu. Windows ikiwa imewekewa uwashaji wa haraka, ukiizima haifungi diski kikamilifu, na Linux ikiikuta diski katika hali hiyo huisoma tu bila kuiandika ili isiharibu kitu. Ningeshikilia kitufe cha Shift wakati wa kuizima Windows kwa mara ya mwisho, yasingenipata. Ikanibidi nichukue diski hadi kwa jirani mwenye Windows, tukaifungua na kuizima mashine yake kwa namna hiyo. Baada ya hapo niliiagiza programu ya Diski iifungue yenyewe kila ninapowasha, na tangu siku hiyo haijanisumbua.

Kwa matumizi ya kila siku naipa Mint nne kati ya tano. Printa yangu ya zamani ilitambuliwa bila kutafutiwa chochote, na masasisho yameahidiwa hadi 2029. Alama moja naikata kwa sababu Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa, haina toleo la Linux, na kadi zangu za michango ya harusi, nikizifungua kwenye LibreOffice, programu za bure za ofisi, maua huhamia juu ya majina ya wazazi, kwa hiyo kazi hizo bado nazifanyia kwenye laptopu ya binti yangu jioni akishatoka chuoni.