Uzoefu wangu wa kuingia kwenye mtandao wa kazini nikiwa nyumbani kwa WireGuard

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikifanya sehemu kubwa ya kazi yangu ya uhasibu nikiwa nyumbani, na kila asubuhi, kabla ya kufungua kitu kingine chochote, huwasha WireGuard, ambayo ni programu ya VPN, yaani njia iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti hadi kwenye mtandao wa ofisi, iliyochaguliwa na mafundi wetu wa mitandao badala ya ile tuliyoizoea. Leja, ankara na mafaili ya mishahara yote yamo kwenye seva ya ofisini isiyofikika kutoka nje, kwa hiyo muunganisho huu ukikatika, kazi yangu nayo husimama.

Programu ya awali ilitaka jina, nenosiri, kisha tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, na Wi-Fi ikiyumba kidogo tu nililazimika kuanza upya. WireGuard haina jina wala nenosiri. Kila kifaa kina jozi ya funguo: ufunguo wa siri unabaki kwenye kompyuta yangu, na ule wa umma nilimtumia fundi akauandikisha kwenye seva. Nikabonyeza mara moja, nikawa ndani. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ninaweza kuhama kutoka Wi-Fi ya nyumbani kwenda intaneti ya simu katikati ya kazi bila kukatika, kwa sababu seva inanitambua kwa ufunguo wangu, si kwa anwani niliyotokea. Wepesi huo una sharti lake, kwani anayeikuta kompyuta yangu ikiwa wazi ameukuta mlango wa ofisi ukiwa wazi pia. Ndiyo maana diski yangu yote imesimbwa, na tumeagizwa kutoa taarifa mara moja kifaa kikipotea ili ufunguo wake ufutwe kwenye seva.

Wiki ya kwanza, hata hivyo, ilikuwa ngumu. VPN ilionyesha kuwa imeunganishwa, lakini seva ya mafaili haikupatikana kabisa, nami kwa siku 3 nikailaumu programu isiyo na kosa. Ofisi yetu ilikuwa ikitumia anwani zinazoanza na 192.168.1, na ruta yangu ya nyumbani, kama zilivyo ruta nyingi zinapotoka kiwandani, ilikuwa ikigawa anwani hizo hizo. Kila nilipoiita seva, kompyuta iliitafuta humu humu nyumbani, ikaikosa, nayo haikuwa na sababu ya kupeleka ombi hilo kwenye VPN. Nilibadilisha mipangilio ya ruta itumie 192.168.87, nikaizima na kuiwasha, na folda zote zikajitokeza. Ningeshauri kila anayeanza kufanya kazi nyumbani alinganishe anwani hizi mbili kabla ya jambo lingine lolote, ingawa dawa ya kudumu ni ofisi yenyewe kuziacha anwani zinazotumiwa na kila nyumba.

Baadaye ikatokea kwamba kurasa ndogo za mfumo wa ndani zinafunguka vizuri huku zile nzito zikikwama njiani. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayopita kwenye VPN huongezewa baiti 60, au 80 kwa IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti), na laini yangu haikuweza kupitisha pakiti zilizonenepa kiasi hicho. Fundi alishusha kipimo cha MTU, yaani ukubwa wa juu kabisa wa pakiti kwa baiti, kutoka 1420 hadi 1380, na tatizo likaisha.

Kuhusu kasi, nilichojifunza ni kwamba upana wa intaneti si hoja kubwa kama muda ambao pakiti moja hutumia kwenda na kurudi. Kufungua kitabu kikubwa cha hesabu moja kwa moja kutoka kwenye folda ya ofisini huhitaji maswali na majibu mengi kati ya kompyuta na seva; yakiwa 1,000, na kila moja likichukua milisekunde 90, dakika moja na nusu imekwisha kabla hujaona tarakimu yoyote. Sasa leja ninaifanyia kazi kwa kuingia kwenye kompyuta yangu ya ofisini kutokea mbali, ambapo faili halitoki ofisini na kinachosafiri ni picha ya skrini pamoja na ninachoandika. Tofauti ni kubwa mno, na sijarudi nyuma tangu nilipoanza.

Jambo moja bado linawapoteza wenzangu. Alama ya kijani ya WireGuard haina maana kwamba seva inakujibu. Ina maana tu kwamba umeiwasha. Cha kutazama ni mstari unaoonyesha muda uliopita tangu kompyuta na seva zisalimiane mara ya mwisho. Wakati kazi inaendelea, salamu hiyo hurudiwa kila baada ya dakika 2 hivi, kwa hiyo ukiona zimepita dakika 5 na bado unajaribu kufungua kitu, hujaunganishwa, hata kama kijani kinawaka.

Aidha, WireGuard husafiri kwa UDP peke yake, mojawapo ya njia mbili kuu za kusafirisha data kwenye intaneti, na mitandao mingine ya hotelini na ya wageni huizuia. Kwa siku hizo nimebakishiwa OpenVPN, programu nyingine ya VPN, inayopita TCP, ile njia ya pili, kwenye mlango (port) wa 443, sawa na tovuti za kawaida. Ni nzito zaidi, lakini safarini imeniwezesha kufunga hesabu za mwezi mara mbili, na nimewaomba mafundi wasiiondoe.