Seti ya mipira ya pampu ya choo cha yoti: uzoefu wangu Mikindani

Natunza katamarani, yaani boti ya matanga yenye matumbo mawili, ya futi 38, inayotia nanga kwenye ghuba ya Mikindani, huu mwaka wa nne. Matanga nayajua, injini naijua. Kilichonitesa kuliko vyote ni choo. Naandika kwa manahodha na walinzi wa vyombo huku kusini, Mtwara mpaka Kilwa, maana kinachoziba choo cha baharini mara nyingi sicho tunachokidhania.

Choo chetu ni cha pampu ya mkono. Kinavuta maji ya bahari na kusukuma uchafu hadi kwenye tangi kwa bomba la mpira lenye upana wa ndani wa milimita 38. Pale mpira unapoanzia kuna vali ndogo laini, imechanwa mdomo kama wa bata, kazi yake kuzuia uchafu usirudi. Mwaka jana mwezi wa sita, kusi imekolea na wageni sita wamo ndani, mkono wa pampu ukawa mzito. Usiku wa pili maji machafu yakaanza kupanda yenyewe kwenye bakuli. Nikawalaumu wageni kwa tishu. Nikamimina unga wa kuzibulia masinki, nikangoja, nikapampu, wapi! Kumbe nilikuwa naharibu: ule unga unakula mafuta na nywele, ila chokaa hauiwezi, na mipira ya pampu unaidhuru.

Nikamfuata fundi mmoja mtu mzima pale Mikindani. Baada ya shikamoo na marahaba, akaingia ndani na wala hakuigusa pampu. Alichukua bisibisi, akawa anaugonga mpira kwa mpini wake taratibu huku ametega sikio. Penye kona ya juu mlio ukabadilika, ukawa mzito. "Mwanangu, humu mna mawe," akaniambia.

Tukafunga koki, tukaweka ndoo, tukakata kipande. Ndani mlikuwa na ukoko wa rangi ya udongo, tabaka juu ya tabaka, na tundu lililobaki halipitishi hata kidole gumba. Nikiuvunja unasagika mkononi kama chokaa ya kuta za magofu yetu ya pale mjini. Na kweli ni ndugu mmoja: mkojo ukikutana na maji ya bahari, kalsiamu iliyomo inaganda na kunata kwenye mpira. Vali nayo ilikuwa imeshikwa na ukoko huohuo, midomo haifungi tena. Ndiyo maana maji yalikuwa yanarudi.

Sasa seti yenyewe. Niliagiza duka moja la Dar es Salaam, ya kwanza ikaja ya pampu nyingine kabisa, na kuirudisha kulikula siku nne. Ukiagiza, piga picha ya maandishi yaliyo kwenye mwili wa pampu uwatumie, usiseme tu "ya choo cha boti". Ya pili ilikuwa sahihi: vali ya mdomo wa bata, pete za mpira, gasketi na kipakiti cha grisi. Kuifunga ni kazi ya saa mbili kwa bisibisi na spana, na uvumilivu kwenye zile skrubu za nyuma. Mkono ukarudi mwepesi, na mpaka leo maji hayajapanda tena. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu karatasi ya maelezo haisemi neno juu ya ukoko, na ukifunga vali mpya kwenye mpira uliojaa mawe, pampu itabaki nzito vilevile.

Sehemu za mpira ambazo hatukuzikata, fundi alizisafisha kwa asidi ya vyooni iliyozimuliwa, kidogo kidogo, asidi ikitiwa kwenye maji na si maji kwenye asidi. Ikachemka mapovu, ikatulia, tukasukuma maji mengi. Vaeni glavu na fungueni madirisha yote. Na nawaomba sana, asidi isikutane na Jiki kamwe. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na kile chumba cha choo ni kidogo mno, mtu anaweza kufia humo.

Tangu hapo nina utaratibu. Kila wiki namimina siki usiku, naivuta mpaka ifike kwenye mpira, inalala humo hadi asubuhi. Siki haiondoi ukoko mzee, ila ule mpya inaulainisha. Kila anayetumia choo apampu mara 20, si tano. Mpira wetu una urefu wa mita 3 na unabeba lita 3 na ushei, kwa hiyo ukipampu kidogo uchafu unabaki njiani. Chombo kikikaa bila watu nasuuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwani maji ya bahari yakilala ndani ya mpira yananuka mayai viza. Tishu ni za kwenye ndoo yenye mfuniko.

Tangi silifungulii ghubani hata siku moja. Maji yakipwa kina mama wanaokota kombe palepale, na watoto wanaoga.

Kile kipande tulichokikata nimekitundika kwenye mlango wa choo. Mgeni akipanda, namwonyesha hicho kwanza, ndipo namwonyesha pa kulala.