Feni ya nyumba nzima hapa Sacramento: sasa huku juu panalalika

Mnaokaa nyumba za ghorofa huku bondeni California hili mnalijua, chini kuko poa kabisa halafu unapanda ngazi unakutana na joto uso kwa uso. Kwetu vyumba vyote vya kulala viko juu, na themostati ni moja tu tena iko sebuleni chini, kwahiyo AC inaona kila kitu safi inajizima zake wakati watoto huku juu jasho linawatoka na mashuka wameshayatupa huko. Niliulizia AC ya pili ya juu peke yake, bei niliyotajiwa nikaona hapana, ndo nikaanza kufuatilia hizi feni za nyumba nzima.

Feni yenyewe inafungwa kwenye dari ya korido ya juu. Jioni nje kukishapoa unafungua madirisha unawasha, inavuta hewa ya nje inaipitisha nyumba nzima halafu inaisukuma juu ya dari, na kule inatokea kwenye matundu ya paa. Sasa utamu uko hapo juu ya dari, maana lile joto linalojazana kule tangu mchana ndo linalotupika usiku, nalo linatolewa. Lakini tuelewane, hii kitu haipoozi hewa, haina gesi wala kompresa, inakuletea hewa ya nje kama ilivyo. Nje kukiwa na joto unaingiziwa joto.

Jirani yangu anayo ile ya zamani ya mkanda, dude kubwa limekaa palepale kwenye dari, akiliwasha unasema ndege inapaa. Ya kwangu ni hizi za kisasa, feni imening'inizwa kule juu kwenye mbao za paa na imeungwa na dari kwa bomba nene linalokunjika lenye insulesheni, kwahiyo kelele nyingi zinabaki hukohuko. Spidi ndogo unasikia upepo tu, spidi kubwa itabidi uongeze sauti ya tv.

Saizi wanapiga hesabu ya futi za ujazo 2 mpaka 3 kwa dakika kwa kila futi ya mraba ya nyumba, yetu ni kama 1,800 hivi nikachukua ya 4,500. Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana ni matundu ya paa, kila futi za ujazo 750 za hewa kwa dakika zinahitaji futi moja ya mraba ya tundu, na hapo ni nafasi iliyo wazi kweli, ukishatoa wavu wa kuzuia wadudu na ndege. Yaani mimi nilihitaji futi 6. Fundi wa kwanza alitaka kufunga bila hata kupanda kuangalia, nikamwambia asante kaka. Wa pili alipanda na tochi akapima, akakuta hayatoshi, akaongeza mengine kabla hajagusa feni. Matundu yakiwa machache hewa inakosa pa kutokea, feni inahangaika na inapiga kelele bure. Jumla ya feni, fundi na matundu ilikuwa dola elfu mbili na kitu.

Na hili wenye hita ya maji ya gesi msilipuuze: madirisha kwanza, feni baadaye. Ukiwasha nyumba imefungwa, feni itatafuta hewa popote, inaweza kuivuta hata kwenye bomba la moshi la hita na kuirudisha ndani ile kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu. Sisi tuna alamu yake juu na chini.

Matokeo sasa. Hapa kiangazi mchana nyuzi 38 ni kawaida, ila jioni ukija ule upepo wa Delta kutoka ghuba ya San Francisco usiku unashuka mpaka 15, 16, na hapo feni ndo inaonyesha kazi yake. Muda wa kulala ukifika juu na chini panalingana. Asubuhi nazima, nafunga madirisha na mapazia jua halijakolea, na kwa vile kuta zenyewe zimepoa AC inachelewa sana kuamka, kuna siku haiwaki kabisa. SMUD, shirika la umeme la hapa, wanatutoza bei ya juu saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku siku za kazi, muda huo nje bado kunawaka kwahiyo feni huigusi, lakini nyumba iliyoanza siku na ubaridi inavumilia. Feni yangu hata kwenye spidi kubwa haifiki wati 600, AC inakula 3,000 na zaidi.

Kasoro zipo. Upepo usipokuja ujue huna feni, joto kama lile la tarehe 6 Septemba 2022 mjini hapa lilipofika nyuzi 46 na ushee, hapo ni AC tu. Msimu wa moto wa misitu ni marufuku kuwasha, utaujaza moshi nyumba nzima. Chavua ndo usiseme, mama watoto anapiga chafya masika yote. Na winter kile kifuniko cha feni kinavujisha baridi, nimeongezea kingine cha insulesheni kwa pesa yangu, kitu ambacho kwa bei ile kingekuja na feni. Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata hapo.

Ukitaka chumba fulani kipoe haraka fungua dirisha la hicho, mengine punguza, na mlango uwekee kitu usijibamize. Ya chini tunafunga yote kabla ya kulala, usalama bana.

Shemeji yangu wa Tanga kaona video ya feni hii akaniomba nimtumie feni moja, nimemkatalia. Tanga mwezi wa pili usiku unakaa kwenye nyuzi 24, 25 na unyevu juu, atajiingizia fukuto ndani na umeme alipie. Angekuwa Dodoma, kukavu na usiku kunapoa, ningemwambia atoboe matundu ya paa kwanza halafu tuongee.